Ukuta ni wa Mwenye Nyumba, Kitambaa ni Changu

Mazungumzo ya fundi cherehani na kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, Tanga

Bi mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, na nyinyi kaka wawili mliojibanza karibu na mlango kama mmekuja kudaiwa: asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Wakubwa wangu, shikamooni.

Nimeitwa nizungumze habari ya kupendezesha nyumba. Nilipoambiwa hivyo nikauliza, nyumba ya nani? Hebu anyooshe mkono anayelala kwenye nyumba yake mwenyewe, yenye hati. Mmoja, wawili... Mama pale, ya mumeo nayo tunaihesabu, usiteremshe mkono. Haya, wanne. Sisi wengine wote ni wapangaji, tunalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi wa tano usingizi unaanza kuwa wa mang'amung'amu.

Chumba changu cha kwanza nilikipiga rangi ya bluu, bluu ya bahari saa nne asubuhi. Nilikipenda. Siku ya kuhama mwenye nyumba akaingia, akatazama, akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, ulikikuta cheupe." Nikanunua rangi mara ya pili kwa ajili ya mtu mwingine kuja kukaa. Tangu siku hiyo nimejua mpaka wangu. Ukuta ni wake. Mlango ni wake. Nondo za dirishani ni zake, na hata msumari nikiupigilia unakuwa wake. Changu ni kile kinachokunjika, kikaingia kwenye beseni, kikapanda bajaji: pazia, shuka, foronya, mto, mkeka. Kwa hiyo leo sitawaambia habari ya rangi wala ya maua ya plastiki. Nitawaambia habari ya vitambaa, maana ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambayo mpangaji anaweza kuitia mkono wake bila kuomba ruhusa.

Na tusidhani ni jambo la kisasa. Bibi zetu wa pwani walilifanya kabla yetu. Mnaijua marekani, ile pamba nyeupe isiyo na rangi ambayo mimi bado naiita hivyo dukani na vijana wananicheka? Ilipata jina hilo kwa sababu ilikuja Unguja na merikebu za Wamarekani, wale wa bandari ya Salem, Massachusetts, katika karne ya 19. Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861, pamba yao ikaadimika, vitambaa vya Bombay vikachukua soko, lakini jina likang'ang'ania. Sasa, marekani ni nguo nyeupe tu. Haisemi kitu. Leso nazo zilikuwa vitambaa vya mraba vya mkononi, na neno lenyewe tumelipata kwa Wareno. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walizinunua zikiwa bado hazijakatanishwa, wakachukua sita, wakaunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana ambalo hakuna mfanyabiashara aliyekuwa amelifikiria. Baadaye ndiyo wenye maduka wakashtuka, wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa hivyo. Ndiyo kanga hiyo. Mkienda Mombasa, Mtaa wa Biashara, mtakuta jina la mfanyabiashara wa kanga Kaderdina Hajee Essak, na kwenye kanga zake maneno "Mali ya Abdulla". Majina ya kanga za zamani, yaani misemo yake, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi hizi za Kirumi zikafuata.

Nimeyasema haya kwa sababu moja. Kila nikimwambia mteja akate kanga, anashika kifua. Mama, kanga yenyewe ilizaliwa kwenye mkasi wa mwanamke. Kata.

Ila kisutu usikate. Kisutu cha harusi, kile chekundu, cheusi na cheupe, mimi sitakikata hata ukinilipa mara mbili. Hiyo ni akiba ya kumbukumbu, na mjukuu wako atakitafuta.

Tuanze na mto wa kochi, maana ndio kazi nyepesi na ndio wa kwanza kuonekana mtu akifungua mlango. Usikimbilie dukani. Fungua sanduku. Kanga kuukuu ni bora kuliko mpya kwa kazi hii, na sisemi hivyo kwa ubahili. Kanga iliyofuliwa miaka mitatu imekwisha kuruka, yaani kusinyaa, ilivyoruka, imekwisha kutoa rangi iliyotaka kutoa, na ni laini shavuni. Kanga mpya ukiishona leo na kuifua kesho, kava linabana mto kama suruali ya ndugu mdogo. Kama lazima iwe mpya, iloweke kwanza usiku kucha, ifue, ianike, ipige pasi, ndipo uishike chaki. Wapo wanaotia chumvi kwenye maji wakiamini inashika rangi. Mimi naamini maji mengi: suuza mpaka maji yatoke meupe. Halafu chukua kipande cha marekani kibichi, sugua juu ya rangi nyekundu au nyeusi. Kikitoka na doa, rudi kwenye beseni.

Na ujue umenunua nini. Muuzaji atakuapia ni pamba tupu. Chomoa uzi mmoja pembeni, uwashe kwa kiberiti, mbali na watoto. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na jivu lake linapukutika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kujikunja kuwa kidonge kigumu cheusi. Sisemi poliesta ni haramu, pazia la poliesta linakauka haraka na halikunjamani. Lakini kwa joto hili la Tanga, mwezi wa Februari, ulaze shavu kwenye mto wa poliesta baada ya chakula cha mchana, utaamka umechorwa ramani.

Sasa hesabu. Andikeni, au mpige picha ubao. Kanga nyingi zina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Pima ya kwako kwa futi kamba, usiniamini mimi. Mto wa kawaida wa kochi ni 45 kwa 45. Ukiigawa ile 150 mara tatu unapata vipande vitatu vya 50, kila kimoja kikiwa na urefu wa 110. Kipande kimoja, kava moja. Doti nzima, makava sita, na hujatupa hata kitambaa cha kufutia miwani. Hakuna zipu. Kunja ncha mbili fupi sentimita mbili na nusu, upige mshono. Tandaza kipande uso juu. Leta ncha hii katikati, lete na ile ije juu yake, mpaka mraba ubaki wa 45. Zitapandana kwa sentimita 15 hivi. Piga bandi kwa mkono, ile mishono mirefu ya kushikilia tu, halafu shona mbavu mbili, geuza, ingiza mto kwa ule mdomo wa nyuma. Kama huna cherehani, sindano na kastabani vinatosha, jioni mbili ukiwa unasikiliza redio. Kanga ni nyepesi, kwa hiyo ukitaka ikae vizuri itie bitana ya marekani kwa ndani. Na kama unapenda mto uliojaa, shona kava la 43 uvalishe mto wa 45.

Hapo nilipofika mara ya kwanza nilijiona bingwa. Nikaupanga mto kwenye kochi, nikarudi nyuma kutazama: jina halipo! Nimelitafuta, nikalikuta mgongoni, limefunikwa na lile pindo la kufungia, mto umeficha maneno kama mtu aliyeshika siri ya shangazi yake. Kosa ni nini? Jina la kanga haliko katikati ya mji, yaani ule uwanja wa kati uliozungukwa na pindo, liko chini, juu kidogo ya pindo. Ukikunja nilivyowaeleza, sehemu ya chini yote inakwenda nyuma. Baya zaidi, jina refu linapitiliza zile sentimita 50 za kipande cha katikati. Rafiki yangu mmoja alikuwa na kanga ya "Usisafirie nyota ya mwenzio". Akakata bila kutazama. Kochini kwake mpaka leo mto mmoja unasema "safirie nyota ya mwe". Wageni wanamuuliza ni Kikongo?

Kwa hiyo kipande chenye jina kina kanuni yake. Kata kwanza mraba wa 50 kwa 50 kuanzia ukingo wa chini, jina likae katikati yake na pindo libaki chini kama zulia. Huo ndio uso. Zinabaki 60, zigawe mara mbili, 30 na 30, zikapandane nyuma. Zitapandana kidogo tu, sentimita tano, na mto utachungulia nje, basi tia kifungo kimoja katikati. Kifungo cha shati la mzee aliyestaafu kinafaa sana. Jina likiwa refu kuliko hapo usililazimishe kuingia kwenye mto wa kochi. Lipeleke chumbani, kwenye foronya ya kitanda, ina nafasi ya 75.

Na hapa nataka nikae kidogo, mniwie radhi. Kukata ni hesabu, lakini kuchagua jina ni busara, na ndipo wengi wanapoharibu. Kanga ukiivaa unasema na mtu mmoja, naye anajua kuwa ni yeye. Jirani anapita, unageuka, amesoma, yamekwisha. Kanga ukiishona mto inasema na kila anayeingia, kila siku, mwaka mzima: mjumbe wa nyumba kumi, mchungaji, mama mkwe, mtu wa kusoma mita ya maji. Kijembe ulichomnunulia wifi yako mwaka juzi kitakuja kumchoma asiyehusika. Nimewahi kukaa sebuleni mwa mtu, nimeegemea mto, nikainuka kusoma nilichoegemea: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nilikuwa nimekwenda kwa siku nne!

Sebuleni tia la kukaribisha. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Au "Nyumba njema si mlango", ambalo kwa mpangaji mwenye mlango wa bati uliopinda ni jibu tosha kabisa. Chumba cha watoto, neno la mama. Vijembe vyako, vyote, peleka chumbani kwako, kwenye foronya, ugeuze uso chini mumeo akiwa amekasirika na uso juu akiwa amekosea. Wala usijaze maneno kila mahali. Mto mmoja wenye jina, miwili yenye mji tupu. Kochi zima likisema kwa pamoja, hakuna anayesikilizwa.

Twende kitandani. Mashuka ya kudarizi tumeyakuta kwa mama zetu, yenye tausi wawili na "Usiku mwema" kwa uzi wa waridi. Vijana wameyaacha wakasema ya kizamani. Tausi waache kama huwapendi, lakini ufundi usiuache. Mshono wa mnyororo mtoto wa darasa la nne anaujua kwa nusu saa: sindano inatoka, uzi unaachia kitanzi, sindano inarudi palepale ilipotokea na kuibukia mbele ndani ya kitanzi. Basi. Ukiujua huo umejua kuandika. Binti yangu alipokuwa na miaka sita alichora mbuzi kwenye daftari, miguu mitano, hakuweza kunieleza wa tano ni wa nini. Nilimwekea foronya nyeupe juu ya meza nikamwambia achore tena kwa penseli, nami nikafuata mstari kwa uzi mweusi, mguu wa tano nikauacha. Yuko chuo sasa. Ameondoka na foronya hiyo, na simu ya kwanza aliyonipigia kutoka bwenini alisema wenzake wanagombania kuilalia. Hakuna duka Kariakoo linalouza mbuzi yule.

Vitambaa vya makochi, hivi vya kufuma. Najua nagusa penye kidonda, maana naona hapa angalau watatu wanaoviuza. Vina kazi yake: mafuta ya nywele yanaishia kwenye kitambaa badala ya kwenye kochi, na kitambaa kinafulika. Hapo vina heshima yangu. Juu ya televisheni, juu ya friji, juu ya redio, na chini ya kila kikombe, hapo sipo. Kama umerithi rundo na kochi lako la sasa halivitaki, usivitupe na usivirudishe sandukuni viote madoa. Vishone. Kimoja cha duara katikati ya mto wa rangi moja iliyokolea, kijani au kahawia, kinang'aa kama mwezi. Vile virefu, vipange kwenye ukingo wa chini wa pazia jeupe. Upepo ukipita utaona kazi ya mama yako ikicheza ukutani.

Nimetaja pazia. Mpangaji ana adui mmoja: dirisha la nyumba ya pili halilingani na la kwanza. Watu wananiletea mapazia kila mara wamehama, wakitaka niunge kipande, na rangi ile haipo tena sokoni. Dawa yake iko siku ya kwanza. Mwambie fundi akuachie upindo wa chini wa sentimita 15 badala ya tano. Atalalamika kuwa unapoteza kitambaa, mwache alalamike. Ukihamia kwenye dirisha refu unafumua, unashusha, unapiga pasi. Mstari wa zamani ukikataa kutoka, ufunike kwa utepe wa kitenge, na watu watadhani ndio urembo uliokusudia. Upana, nunua mara mbili ya dirisha, ili pazia likifungwa liwe na mikunjo. Pazia lililovutika kama ngoma linaifanya sebule ionekane duka lililofungwa. Na kwa kutundika, waya wa springi na kulabu mbili ndogo unatosha kwa pazia jepesi, huhitaji kutoboa ukuta wa mtu. Kikoi kinafaa sana kwa dirisha dogo, na matamvua yake yanakuokolea kazi ya kupinda.

Nigusie ndani ya mto, kwa sababu mnanunua kava zuri mnalivalisha jiwe. Niliwahi kutengeneza mto wa kukalia sakafuni, mkubwa, nikaujaza vipande vyote vilivyobaki chini ya cherehani. Bure kabisa, nikajisifu. Ulikuwa mzito kiasi kwamba kufagia tuliufagia kwa kuuzunguka. Vipande vya nguo tia kidogo, katikati tu, pembeni zungushia sponji iliyochanwachanwa. Lakini aliye na ndugu shambani mwenye msufi amebarikiwa. Usufi ni mwepesi, haunyonyi maji haraka, na hapa kwetu mti wenyewe unaangusha mabunda bila kuombwa. Ondoa mbegu, anika, jaza kwenye mfuko wa marekani uliofumwa kwa kubana, kisha ndipo uvalishe kava lako. Usiufue; uanike juani na kuupiga kwa fimbo, utavimba upya. Na usiuweke karibu na mshumaa wala jiko, usufi hushika moto upesi mno.

Rangi za kutia mwenyewe? Shuka jeupe lililochoka, lichemshe kwenye chai ya rangi iliyokolea sana, litatoka kahawia laini kama mchanga uliolowa, na madoa madogo yatapotea humo. Manjano ya kupikia yanapendeza siku ya kwanza na kukimbia jua la wiki ya pili. Batiki ya nta ni nzuri kuliko vyote, lakini inataka kostiki, na kostiki inaunguza ngozi na macho. Huko nendeni kwa mwenye kuijua mkajifunze kwa mikono yenye glavu, si kwangu na si kwa kubahatisha uani watoto wakizunguka.

Mkeka nimeuacha makusudi, kwa sababu Bi mkubwa aliyekaa pale dirishani anasuka ukili tangu sijazaliwa, na kumfundisha yeye mkeka ni kumfundisha samaki kuogelea. Nitaomba tu yeye atuoneshe baadaye anavyozungushia ukingo kwa kitambaa, maana kwangu ukindu hukatika kila nikikunja.

Bi mwenyekiti amenionesha saa mara mbili. Haya. Niliomba kila mtu aje na kanga moja kuukuu, mkasi, na uzi. Mikasi naiona, na kanga naziona mmezifumbata kama mnaogopa nitazinyang'anya. Kaka mmoja kati ya wale wawili, wewe mwenye shati la mistari, umeleta ya nani? Ya mkeo? Anajua? Basi hiyo irudi nyumbani kwanza. Dada hapo mbele, ya kwako ina jina gani? Inua juu watu wasome. "Subira yavuta heri." Linaingia kwenye mraba bila kupunguka, nimeshalipima kwa macho. Njoo mezani na futi kamba, tuanze na wewe.